Badilisha Kimoja, Vingine Viache Vilivyo

Bao la kujifunza huanza na kete mbili katika kila shimo. Mashimo ni 32, kwa hiyo kete ni 64, na kila mchezaji anaanza na kete 32 upande wake. Mchezo ukishakolea, hesabu ya kila shimo hubadilika kila mtu anaposambaza: shimo lililokuwa na mbili sasa lina tano, lililokuwa na tano limebaki tupu. Lakini katika bao kete iliyoliwa haitoki nje ya ubao; aliyeila huipanda upande wake. Simamisha mchezo wakati wowote, hesabu, utapata 64 zilezile.

Mzazi au mwalimu anayetaka kumfundisha mtoto kigeu, yaani kitu ambacho thamani yake hubadilika, na kumtofautishia na kisichobadilika, ana somo zima juu ya ubao huo. Watoto wawili wacheze. Kila baada ya zamu chache wasimame, kila mmoja ahesabu kete za upande wake, na namba hizo mbili ziandikwe kwenye daftari. Mmoja ana 29, mwenzake 35. Baadaye 41 na 23. Kisha 18 na 46. Halafu mmoja ageuze uso, mwenzake ahesabu na kumwambia tu kwamba amepata 38, naye aulizwe ana ngapi. Baada ya majaribio machache atajibu 26 bila kuugusa ubao. Mtoto wa darasa la tatu anayejibu hivyo tayari anatumia 64 − x, hata kama herufi hiyo hajawahi kuiona.

Baada ya hapo ficha kete moja mfukoni bila wao kuona. Jumla ikija 63, watarudia kuhesabu, watalaumiana kidogo, kisha wataanza kupekua chini ya mkeka. Hapo ndipo penye utamu wa somo, na vitabu vingi hupapita haraka: kisichobadilika kina kazi yake. Kinafichua kosa. Anayejua kwamba jumla lazima iwe 64 anajua pia kwamba kuna kitu kimepotea kabla hajajua ni nini.

Herufi zije baada ya mikono kuzoea. Kwa hilo, kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ni kiberiti kitupu. Chukua viwili, tia punje nne za maharage katika kila kimoja, vifunge, viweke mezani pamoja na punje tatu zilizo wazi. Mwambie mtoto mambo mawili tu: viberiti vyote viwili vina idadi sawa, na punje zote zilizopo mezani, za ndani na za nje, ni 11. Kila kiberiti kina ngapi? Wengi husogeza zile tatu pembeni kwa mkono, hubaki na nane, kisha hugawa kwa mbili. Wanapofungua na kuona nne, furaha yao ni ya kweli kwa sababu jibu limejithibitisha lenyewe, bila mwalimu kutia tiki.

Usiishie hapo. Zoezi likiishia hapo, mtoto ataamini kwamba herufi ni jina la namba moja iliyofichwa, basi. Badili idadi iliyomo ndani, zile tatu za nje ziache palepale. Punje tano katika kila kiberiti, jumla 13. Sita, jumla 15. Saba, jumla 17. Mtoto aandike jedwali, kisha aulizwe kwa nini jumla inapanda kwa mbilimbili na si kwa mojamoja. Atakapoonyesha kwa kidole kwamba viberiti ni viwili, mwandikie 2x + 3 na umwache aoneshe kila alama iko wapi mezani. Zamu inayofuata ajaze yeye, mtu mzima ndiye akisie.

Kuna tahadhari moja inayohitaji msisitizo. Hapo x si kiberiti, wala si maharage. Ni idadi ya punje zilizomo ndani ya kiberiti kimoja. Mwalimu anayeandika 2m kwa maana ya maembe mawili na 3n kwa maana ya nanasi tatu anarahisisha somo la siku hiyo na kulitia sumu somo la mwaka ujao. Mtoto aliyezoea kwamba m ni kifupi cha maembe hatajua la kufanya atakapokutana na m × m. Embe mara embe ni nini? Herufi ishike namba tangu siku ya kwanza.

Baada ya viberiti watoto wako tayari kutafuta kitu kisichobadilika ambacho hakuna aliyekiweka. Wakusanye vitu vya mviringo nyumbani: mfuniko wa sufuria, sahani, ndoo, sinia, kizibo cha soda, gurudumu la baiskeli. Kila kitu kizungushiwe uzi mara moja, uzi unyooshwe kwenye rula au futi ya fundi cherehani, na namba iandikwe. Kisha wapime kipenyo, wagawe mzingo kwa kipenyo. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 24 utatumia uzi wa sentimita 75 na ushei. Sahani ya sentimita 20 itatumia karibu 63. Ukigawa, pande zote mbili unapata tatu na kitu kidogo juu yake. Kwa gurudumu ni bora zaidi kupiga alama ya chaki kwenye tairi, kulibingirisha mzunguko mmoja sakafuni, na kupima umbali kati ya alama mbili.

Majibu hayatalingana kabisa, na mwalimu asiyafute. Ayatumie. Kizibo chenye upana wa sentimita 3 hakisamehe: ukikosea milimita mbili tu kwenye kipenyo, jibu linarukia karibu 3.4 au linashuka hadi 2.9. Kosa lilelile kwenye mfuniko wa sentimita 24 linakufikisha 3.17 tu. Watoto wakipanga majibu yao kuanzia kitu kidogo hadi kikubwa, wataona yakitulia yenyewe kuzunguka 3.14. Hapo 22/7 ya vitabu vya shule inaacha kuwa amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Archimedes wa Syracuse, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alionyesha kwamba namba hiyo iko kati ya 3 na 10/71, na 3 na 1/7. Hiyo ya pili ndiyo 22/7, na ni kubwa kidogo kuliko thamani halisi.

Mpaka hapa visivyobadilika vimekuwa vya aina moja: 64 ya bao na 3.14 ya duara hazimtegemei anayepima. Sayansi inamdai mtoto aina ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo kitu hakibadiliki kwa kuwa kuna mtu amekishikilia kisibadilike. Akilegeza mkono, kinabadilika, na jibu linaharibika bila yeye kujua. Mwongozo wowote unaochanganya aina hizi mbili humwacha mtoto njia panda.

Zoezi la kufundishia aina hii ya pili ni jiwe na uzi. Funga jiwe dogo kwenye uzi, uning'inize kwenye msumari au ukingo wa meza, livute pembeni, liachie. Uliza: ni nini kitakachofanya liende na kurudi haraka zaidi? Watoto hutaja mambo matatu au manne bila kusaidiwa. Uzito wa jiwe. Urefu wa uzi. Umbali wa kulivuta. Nguvu ya kulisukuma. Karibu wote huapa kwamba jiwe zito litakwenda tofauti.

Waache wajaribu kwa njia yao kwanza, bila maelekezo. Kinachotokea kinajulikana vyema, kwa sababu Bärbel Inhelder na Jean Piaget waliwapa watoto wa Geneva jaribio hilihili na kuchapisha matokeo mwaka 1955. Watoto wadogo walibadilisha vitu viwili kwa pamoja, jiwe zito kwenye uzi mfupi, kisha wakatangaza kwamba uzito ndio uliofanya kazi. Piaget na mwenzake waliona kwamba uwezo wa kutenga jambo moja na kulijaribu peke yake hukomaa katika umri wa kubalehe. Wazazi na walimu wengi waliosoma habari hiyo walikata shauri kwamba hakuna haja ya kumsumbua mtoto wa miaka minane.

Hukumu hiyo ilikuwa kali mno. Mwaka 1999 Zhe Chen na David Klahr walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa miaka 7 hadi 10 nchini Marekani, waliotumia springi, mipira inayobingirika kwenye mteremko na vitu vinavyozama majini. Watoto waliofundishwa wazi kwa nini jaribio fulani ni la haki na jingine si la haki, huku wakiulizwa sababu za uchaguzi wao, waliweza kupanga majaribio sahihi. Walioachwa wagundue wenyewe bila maelezo hawakufika mbali. Wadogo kabisa walipata shida kuhamishia ujuzi huo kwenye mambo mapya, lakini waliokuwa darasa la nne waliweza kuutumia hata baada ya miezi kadhaa. Kwa mtu aliye na mtoto mbele yake, maana yake ni hii: mwache ahangaike kwa dakika kumi, kisha mweleze waziwazi. Kumtupia vifaa na kumwambia agundue hakutoshi.

Maelezo yenyewe ni mafupi. Gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu: tunabadilisha nini, tunapima nini, tunaacha nini kama kilivyo. Sehemu ya kwanza iruhusiwe kitu kimoja tu. Ya tatu ndiyo inayotakiwa kuwa ndefu, na ijazwe kabla jiwe halijaachiwa.

Kisha twende kwenye vipimo. Uzi wa mita moja, kutoka kwenye fundo la juu hadi katikati ya jiwe, utaenda na kurudi mara kumi kwa takriban sekunde 20. Simu yoyote yenye kipima muda inatosha. Weka jiwe zito zaidi, urefu uleule: sekunde 20. Livute sentimita 10, kisha sentimita 30: tofauti ni ndogo kiasi kwamba kidole kinachobonyeza simu hakiwezi kuiona. Sasa fupisha uzi hadi sentimita 25, yaani robo ya mita. Sekunde 10. Watoto wakubwa wataona jambo la kushangaza: kupunguza muda hadi nusu kumehitaji kupunguza urefu hadi robo. Wakitaka kukisia nusu mita kabla ya kupima, waache wakisie. Wengi watasema 15, na saa itasema kama 14.

Mambo mawili huharibu zoezi hili kila mara. La kwanza ni kuhesabu. Mtoto akiachia jiwe husema "moja" papo hapo, na mwisho wake anakuwa amepima mizunguko tisa badala ya kumi. Mfundishe kusema "sifuri" wakati wa kuachia. La pili ni kuongeza uzito kwa kufunga jiwe la pili chini ya la kwanza. Anadhani amebadilisha uzito peke yake, kumbe kitovu cha uzito kimeshuka na urefu umeongezeka. Muda utabadilika, naye atakuja akishangilia kwamba uzito una kazi. Usimkatishe haraka. Mpe rula, mwambie apime upya kutoka kwenye fundo hadi katikati ya mzigo wote. Mtoto aliyejikamata mwenyewe hivyo mara moja hukagua sehemu ya tatu ya daftari lake bila kusukumwa.

Kwa wasio na subira ya saa, kuna maharage kwenye pamba. Karibu kila aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki amelifanya jaribio hili, na mara nyingi limefanywa vibaya. Kopo moja huwekwa dirishani, jingine kabatini, baada ya wiki watoto wanaambiwa waandike kwamba mmea unahitaji mwanga. Lakini dirishani pana joto jingine, pana upepo, na pamba hukauka upesi. Vitu vinne vimebadilishwa kwa mpigo, na kisha kimoja kinapewa sifa yote.

Rekebisha hivi: makopo mawili yakae bega kwa bega mahali pamoja, kila moja na punje tano za mfuko mmoja, pamba ya kiasi kimoja, vijiko viwili vya maji kila asubuhi. Moja lifunikwe kwa boksi. Punje tano na si moja, kwa sababu punje moja ikioza jaribio limekufa. Kabla ya kufunika kila mtoto aandike atakachokuta. Wengi wataandika kwamba gizani hakuna kitakachoota. Wakifunua boksi watakuta maharage yameota, tena yamerefuka kuliko yale ya kwenye mwanga, ila mabua ni membamba na majani yamepauka kwa umanjano. Punje ina akiba yake ya chakula. Kuota hakuhitaji mwanga, kuwa kijani na kuendelea kuishi kunauhitaji. Jibu hilo ni zuri kuliko lile la ubaoni, na limepatikana kwa sababu kimebadilishwa kitu kimoja.

Watoto wa Tanzania wana mfano wa nyumbani ambao wanafizikia duniani kote wanaujua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa yenye sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ikiisha, naye akayaweka yakiwa bado moto. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali. Akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Tazama jinsi alivyouliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja kwenye nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini kile cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka. Lakini maziwa ya Lushoto yalitofautiana kwa zaidi ya joto: ya mmoja yalikuwa yamechemshwa, ya mwenzake hayakuchemshwa. Katika swali la Iringa vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, kimebaki kigeu kimoja tu, joto la kuanzia. Osborne aliweza kulipeleka maabara kwa sababu lilikuwa limesafishwa hivyo, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kuzaa matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Mahali pa kipimajoto ni jambo ambalo wengi hawakukumbuka kulishikilia. Mwambie mtoto habari hiyo yote, pamoja na mwisho wake usiotulia. Kama kuna friji nyumbani, ajaribu kwa vikombe viwili vya aina moja, maji ya bomba lilelile yaliyopimwa kwa kikombe kimoja cha plastiki, kimoja ya kawaida na kingine vuguvugu. Maji yanayochemka yashikwe na mtu mzima. Vikombe vikae juu ya kibao, si moja kwa moja kwenye barafu ya friza, maana kikombe cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake na kukaa tofauti na mwenzake.

Walio na kompyuta watakutana na kigeu cha namna nyingine kwenye programu kama Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007 na inayotumika bure. Hapo mtoto huambia programu iongeze alama kwa 1, jambo ambalo lugha nyingi za programu huliandika kwa sentensi inayomkera aliyezoea hisabati: alama = alama + 1. Boksi la sabuni linatatua utata huo. Liandike jina ALAMA, tia ndani karatasi yenye 0. Kila mwenzake anapojibu swali kwa usahihi, mtoto atoe karatasi, asome, aongeze moja, aandike karatasi mpya, airudishe, na ile ya zamani aichane. Boksi moja, jina moja, thamani moja kwa wakati. Boksi la pili, lenye idadi ya maswali ya mchezo, lifungwe kwa gundi kabla ya kuanza, maana thamani yake haibadiliki.

Kwa umri, bao na viberiti vinawafaa wa miaka saba hata wakiwa hawajui herufi za aljebra. Duara lisubiri wajue kugawa kwa desimali, au wapewe kikokotoo. Jiwe na uzi vinafaa kuanzia miaka minane, na maharage ni ya kila mtu.

Mzazi mwenye jioni moja tu wiki hii achukue uzi, jiwe na simu. Amwache mtoto akisie kwanza, aandike sehemu zake tatu, apime kila kitu mara tatu, na matokeo yasiyolingana yabaki kwenye daftari bila kufutwa. Usimwambie jibu la uzito mapema. Ataligundua kabla ya chakula cha usiku.